Kikohozi cha Korido

Mama mkwe alikuja kwetu Lanet kutibiwa jicho wiki ileile niliyokuwa nimeahidi kuandika shell. Ningeulizwa, ningeomba jambo moja litangulie. Lakini daktari wa macho haulizi wakwe, na mkuu wa idara niliyekuwa nikimwomba kazi alikuwa amekwisha kusema Ijumaa.

Nieleze ahadi yenyewe. Nilisomea kompyuta chuo kikuu, kisha nikatumia miaka yangu mizuri kuandika makala za magazeti kuhusu mambo yasiyohitaji kompyuta. Magazeti yalipokonda, makala zangu zilikuwa za kwanza kukatwa. Chuo kimoja hapa Nakuru kilikuwa kinatafuta mwalimu wa somo la mifumo ya kompyuta. Mkuu wa idara, mama wa rika langu asiyecheka ovyo, alivitazama vyeti vyangu akaniambia kwa upole kwamba karatasi haisahau, mwenye karatasi ndiye husahau. Nimwandikie shell yangu mwenyewe, ndogo tu. Ikifanya kazi, darasa ni langu. Isipofanya, kuna kijana mwingine.

Shell ni ile programu inayokaa ikingoja uandike amri. Ukiandika, inazaa mtoto, yaani programu nyingine, inamtuma kazi na kumngoja amalize. Ukitaka mtoto afanye kazi pembeni huku wewe ukiendelea na mengine, unaweka alama mwishoni mwa amri, na shell haimngoji tena. Mtoto huyo akimaliza kazi, amekufa, na mfumo unampelekea mzazi ishara kwamba kuna msiba. Mzazi anatakiwa aende amtambue, aondolewe. Asipoenda, mtoto anabaki kwenye orodha ya kompyuta, amekufa lakini hajazikwa, kama maiti iliyokwama mochari kwa kukosa wa kusaini. Wenye taaluma humwita zombi. Mimi nilikuwa nao tele.

Kwanza, hata hivyo, nilipigana na vitufe viwili, Control na C, ambavyo ukivibonyeza pamoja unaiamuru kazi iliyo mbele yako ife. Nilibonyeza, kazi ikafa, na shell yangu ikafa nayo. Nikaifundisha shell kuziba masikio. Ikaziba, ila watoto wake wote wakarithi uziwi, na sasa hakuna kilichokubali kufa. Nikabaki nikibonyeza kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Ikabidi nimzibue masikio kila mtoto kabla ya kumtuma.

Haya yote niliyafanya stoo. Sisi ni watu wa magharibi ya nchi. Babu zetu waliletwa huku na reli, na ingawa reli yenyewe ilituacha, mila zetu hazikushuka kituo chochote. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka. Zamani asingelala kwangu kamwe. Lakini kumsafirisha kutoka Gilgil kila siku jicho likiwa limefungwa ni ukatili, kwa hiyo mila ikasogea kidogo. Angelala chumba cha watoto, ambao wako shule za bweni, na kabla ya kutoka kwenye korido angekohoa. Nikisikia, nijifiche mpaka apite. Nikitaka kupita mimi, nami nikohoe.

Meza ya chakula, ambayo ndiyo ofisi yangu, iko mwisho wa korido hiyo. Ikawa yake. Mimi na shahada yangu tukahamia kati ya gunia la viazi na mtungi wa gesi.

Huko ndiko zombi waliponitesa. Nikituma kazi moja pembeni, shell iliizika vizuri ilipoisha. Nikituma kadhaa zikaisha kwa pamoja, ilizika moja na kuzitelekeza nyingine. Nilisoma programu yangu mstari kwa mstari. Nikaikosea adabu mashine. Mke wangu, akipita na sufuria, aliuliza kama kinachoguruma ni kompyuta au ni mimi.

Katikati ya wiki mdogo wake mama mkwe akaja kutoka Longonot kumshika dada yake mkono. Kimila huyo naye ni mama mkwe. Nilijua amefika, sikufikiri kwamba kufika kwake kunabadilisha chochote.

Alhamisi asubuhi nikiwa bafuni nilisikia kikohozi. Nikatulia. Slipa zikapita, mlango wa sebule ukafunguka, ukafungwa. Nikatoka nimejifunga taulo, taulo la mwanangu wa mwisho, lenye picha za samaki na upana wa kumtosha yeye, nikakutana uso kwa uso na mama mkwe mdogo, aliyekuwa amebaki nyuma kuchukua dawa ya jicho. Aligeukia ukuta, akajifunika leso usoni, akabaki amesimama hivyo. Nilirudi bafuni kinyumenyume na kujigonga kisogo kwenye mlango.

Mke wangu alipokuja kunitoa, alinieleza kwamba nimejitakia faini ya kuku, wawili, kwa sababu dada mkubwa naye ameshaambiwa. Nikajitetea. Nilisikia kikohozi kimoja, akapita mtu mmoja. Hesabu yangu ilikuwa sahihi.

“Ulitaka wakohoe kwa zamu kama kwaya?” akasema. “Kikohozi ni cha kusema kuna watu, mzee. Wangapi, utachungulia mwenyewe mpaka uone korido iko tupu.”

Nilikuwa na jibu kali mdomoni. Likaishia hapo, kwa sababu nilikuwa nimeona kosa langu, na halikuwa la taulo peke yake. Ishara za msiba hazipangi foleni. Watoto watatu wakifa pamoja, mzazi anaweza kusikia kikohozi kimoja tu. Shell yangu ilikuwa ikisikia, inatoka, inazika mmoja, na kurudi ndani ikidhani imemaliza. Ilitakiwa kuuliza tena na tena kama kuna mwingine, mpaka iambiwe hakuna. Nilibadilisha mstari mmoja na zombi wakatoweka. Sikufurahi. Jambo hilo nililijibu kwenye mtihani miaka hiyo, na sidhani kuna anayefurahia kugundua kitu alichokuwa akikijua.

Ijumaa mkuu wa idara alituma kazi kadhaa pembeni, akangoja ziishe, akatazama orodha. Hakuna zombi. Nikaanza kujiona na chaki mkononi. Kisha akatuma kazi moja ndefu pembeni na nyingine mbele, akabonyeza Control na C. Ya mbele ikafa, shell ikabaki hai. Akatazama orodha tena. Ile ya pembeni nayo ilikuwa imekufa.

“Na huyu, mwalimu, alikosa nini?”

Nikamweleza kwamba vile vitufe hupiga kundi zima, na mimi nilikuwa nimewaacha watoto wote boma moja na mzazi wao.

“Kumbe unajua.”

“Najua sasa.”

Akaifunga kompyuta yangu taratibu, kama mtu anayefunika chakula alichokionja akatosheka, akasema kijana yule anakuja Jumatatu. Nikitangulia kufika, atatazama tena.

Nikarudi stoo. Nilimpa kila mtoto boma lake, na shell ikawa inampisha anayefanya kazi mbele. Lakini kazi ilipoisha na shell ikataka kurudi mahali pake, mfumo uliigandisha. Kwa sheria zake, aliye pembeni akijaribu kujitwalia nafasi ya mbele hupigiwa ishara ya kumsimamisha, hata akiwa ndiye mwenye nyumba. Nikatazama gunia la viazi, na kwa mara ya kwanza nikaihurumia programu. Dawa ilikuwa kuiziba masikio kwa ishara hiyo pia.

Jumatatu nilitangulia. Mkuu alibonyeza, akatazama, akabonyeza, akakosa la kuuliza. Darasa nikalipata: la Ijumaa alasiri, ambalo walimu wote walikuwa wamelikwepa. Kijana akapewa la asubuhi.

Mchana huo wakwe zangu waliondoka, kuku wawili wakiwa kwenye kikapu. Nilisimama mbali, karibu na lango. Mama mkwe, jicho likiwa wazi sasa, alimgeukia binti yake na kusema kwa sauti ya kunifikia, “Mwambie mwenye nyumba korido iko tupu.”

Nikaichukua kompyuta stoo kuirudisha mezani kwangu. Kwenye mlango wa korido nikasimama, nikakohoa, nikachungulia, ndipo nikapita.