Nzuri, Ila Mgongo

Nyumba ya Yunisi ingeshika moto, ukamkuta uani na ndoo ya maji ukamuuliza habari, angekujibu nzuri. Ndivyo walivyolelewa kijijini Iguguno: kwanza nzuri, halafu ndiyo ije ila. Nzuri, ila ng'ombe amekufa. Nzuri, ila mvua imetukimbia. Anayetanguliza shida huonekana hana adabu, au amechanganyikiwa. Miaka minne iliyopita, alipotoka kukatwa titi la kushoto kwa saratani, majirani walikuja kumpa pole, naye akawapokea hivyohivyo: "Nzuri tu, ila wamelichukua." Wakacheka, wakalia, wakanywa uji.

Mwaka huu, alizeti ilipokwisha kuvunwa, mgongo ukaanza. Mwanzoni aliyasingizia magunia. Halafu akamkumbuka Agnes, waliyekuwa wakienda naye kliniki. Kwa Agnes ugonjwa ulirudi kwa kuanzia mgongoni, na mwaka haukwisha wakamzika. Tangu hapo Yunisi aliogopa, tena aliogopa sana, na hakumwambia mtu. Mara ya kwanza ile mumewe Simeoni alikataa kula mpaka suruali ikawa haimkai kiunoni. Sasa amwambie tena?

Basi watafiti walipopita kanisani kutafuta wanawake waliowahi kutibiwa saratani ya matiti, wajitolee kuchunguzwa migongo, Yunisi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Walieleza wazi kwamba huu ni utafiti, si matibabu, na mtu akitaka kujitoa anajitoa siku yoyote. Wote wangeulizwa maswali. Wenye maumivu wangepelekwa Dodoma, wapigwe picha ya uti wa mgongo kwenye mashine kubwa.

"Najitolea niwasaidie wenzangu," alimwambia Simeoni.

Ilikuwa kweli, lakini si yote. Alichokuwa anakitaka ni ile picha.

Siku ya maswali Simeoni alimpeleka kituo cha afya kwa baiskeli, akabaki nje. Ndani alikuwepo muuguzi wa watafiti, Luciana, binti mchangamfu mwenye vidole vyepesi kwenye kishikwambi chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Na mgongo, habari yake?"

"Nzuri..." alijibu Yunisi, akavuta pumzi ailete ila yake.

Luciana alikwisha kubonyeza sifuri. "Hongera mama! Anayefuata!"

Jamani! Mama wa watoto watano, aliyezika wazazi na kuoza mabinti, akanyanyuka akatoka na ila yake mdomoni. Sijui alimwonea aibu nani. Foleni ilikuwa ndefu, na kumkatiza mtu kazini kwake hakujua.

"Wamesemaje?" Simeoni aliuliza.

"Wameniandika mzima."

Simeoni akacheka kwa furaha, akakung'uta vumbi kwenye karia ili mkewe akae. Yunisi akainua mguu apande. Mgongo ukamchoma, akalishika tandiko kwa mikono miwili.

"Simeoni, ngoja. Mgongo unaniuma. Tangu mavuno."

Simeoni akamgeukia. "Ndani umewaambiaje?"

"Nimewaambia nzuri."

"Na ila?"

"Hakuingoja."

Simeoni aliilaza baiskeli palepale chini, akamshika mkewe mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ndoa, akamrudisha ndani. Foleni ikaguna. Hakuijali.

"Binti," alisema, "mke wangu hakumaliza kujibu."

Luciana akawatazama wote wawili. Kisha akavuta kiti. "Nisamehe mama, nilikuharakisha. Kuanzia sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi?"

"Saba," Yunisi alisema. "Nikijitwisha ndoo, tisa."

Luciana akaifuta sifuri. Kuanzia hapo, kila mama aliyejibu nzuri alimngoja kwanza, na ila zikamiminika mpaka jioni.

Yunisi alipelekwa Dodoma, akalala ndani ya mashine ile inayopiga kelele, akarudi kusubiri. Wiki tatu Simeoni hakugusa nyama. Ndipo daktari wa utafiti, Enock, akapiga simu.

"Mama Yunisi, majibu yako ni mazuri."

Yunisi akaibana simu sikioni.

"Umenisikia, mama? Hatujaona saratani mgongoni."

"Nimesikia, daktari. Nangoja ila."

Daktari akacheka kidogo. "Ila ipo. Pingili mbili za mgongo zimebonyea. Uje kliniki tuangalie dawa ya mifupa, na kubeba ndoo kichwani basi."

Kesho yake Simeoni alifunga madumu mawili kwenye baiskeli akaenda kisimani, mwanamume peke yake kati ya wanawake. Walimtania kidogo, kisha wakamsalimu.

"Habari za nyumbani, baba?"

"Nzuri," alisema.

Wakangoja.

"Nzuri," alirudia, na machozi yakamtoka.