Funguo za Gari la Baba

Baba yangu alistaafu kutoka karakana ya kiwanda cha sukari akiwa ameshiba matrekta. Miaka yote ya kazi yake alikuwa ama chini ya trekta ama juu yake. Mimi na kaka yangu tulidhani atanunua ng'ombe wa maziwa, kama wenzake walivyofanya. Badala yake alikwenda Eldoret na kurudi na gari la spoti, kuukuu, la milango miwili, rangi ya fedha, limekaa chini hivi kwamba kila tuta la barabara yetu ya Kabras lilikuwa likilikwaruza tumbo. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Baba hakujali. Aliliendesha polepole hadi kanisani kila Jumapili, akiwa amevaa kofia yake ya kitambaa, na nilikuwa sijamwona na uso ule wa furaha tangu mama afariki.

Gari lenyewe halikuwa na ufunguo wa kutia na kuzungusha. Lilikuwa na rimoti ndogo nyeusi. Ukiwa nayo mfukoni, unabonyeza kitufe na gari linawaka. Ukiwa huna, gari ni chuma tu. Rimoti zilikuwa mbili. Moja aliitundika kwenye msumari karibu na mlango wa sebule, na ya akiba aliiweka ndani ya kikombe kwenye kabati la vyombo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili ya kutwa, si mbali na nyumbani, na tangu ndoa yangu ivunjike naishi kwa baba. Ananiita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi. Kaka yangu analima mahindi Likuyani na huja mara mojamoja. Kwa hiyo aliyekuwa akimwona baba kila siku ni mimi.

Jioni moja tulikuwa tunatoka matangani, jua linaelekea kutua. Mbele yetu, upande wa kushoto, alikuwa mama mmoja na mzigo wa nyasi za ng'ombe kichwani. Nilimwona kutoka mbali. Nilingoja baba asogee katikati ya barabara, hakusogea. Nilipiga kelele. Yule mama alitupa mzigo na kujirusha mtaroni, na gari likapita juu ya nyasi zake. Baba alisimamisha gari na kuniuliza kwa nini nimemshtua. Hakuwa amemwona. Hata nilipomwonyesha, ilibidi ageuze kichwa chote ndipo amwone akipanda kutoka mtaroni, akijipangusa matope. Hakuumia. Tuliomba msamaha, tukamrudishia mzigo kichwani, na baba akaendesha mpaka nyumbani.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho mjini Kakamega. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba imekula pembeni. Baba aliona mbele vizuri, lakini alikuwa kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Dawa ingezuia isiendelee, ila kilichopotea hakitarudi. Akamwambia asiendeshe tena. Baba aliitikia kwa adabu. Kesho yake nilimkuta akiosha gari. Aliniambia kwamba daktari alikuwa na maana ya usiku, na kwamba barabara ya kanisani anaijua hata akifumbwa macho. Nilimkumbusha yule mama wa nyasi. Akasema yule alikuwa anatembea vibaya.

Barabara yetu ni ya trela za miwa. Zinapita zimejaa kupita kiasi, nyingine hazina hata taa moja nyuma. Nilikuwa darasani nafundisha na huku masikio yangu yako barabarani. Jumatatu iliyofuata, baba akiwa zizini, nilichukua rimoti ya msumarini. Halafu nikaona kwamba akikosa hiyo atachukua ya akiba, nikaitoa na ile ya kikombe. Nilizitia kwenye mkoba na kwenda nazo shuleni, nikazifungia kwenye droo yangu chini ya karatasi za mtihani. Nilijiambia kwamba atatafuta siku chache, atakasirika, kisha atazoea.

Lakini baba hakukasirika. Aliogopa.

Mama yake, nyanya niliyepewa jina lake, alimaliza miaka yake ya mwisho bila kumjua mtu. Baba ndiye aliyemtunza. Alimlisha, alimfuata barabarani alipotoka kwenda kwa wazazi wake waliokwisha kufa zamani, na mwishoni nyanya alikuwa anamkaribisha baba kila asubuhi kama mgeni. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilijua. Nilijua, na wakati nachukua zile rimoti sikulifikiria jambo hilo hata kidogo.

Alitafuta kwenye mifuko ya makoti yote, hata ya mama ambayo bado yananing'inia. Alichekecha majivu ya jikoni. Aliichambua mbolea ya zizini kwa uma, fungu moja baada ya jingine. Na mimi nilitafuta pamoja naye. Nilipiga magoti kando yake, nikamulika tochi chini ya vitanda, nikainua mito ya makochi nikasema, "Huku pia hakuna, baba." Sijui mtu anawezaje kufanya hivyo, ila nilifanya, na nilifanya vizuri. Jioni yake aliketi akaniangalia.

"Moja mtu anaweza kupoteza," alisema. "Lakini mbili? Mimi nawekanga pale msumarini kila siku, mama. Sasa nilizipeleka wapi?"

Nilimwambia kwamba wazee wote husahau. Naona sasa kwamba jibu hilo lilikuwa baya kuliko kunyamaza.

Tangu hapo akaanza kujisemea. Akiweka jembe, atasema kwa sauti, "Naweka jembe nyuma ya mlango." Akitia dawa ya macho, atasema, "Dawa nimetia, jicho la kulia, jicho la kushoto." Nilimsikia nikiwa jikoni nikisonga obusuma, ugali wetu, na nikaendelea kusonga. Kaka yangu alipopiga simu, badala ya kumpa pole alimgombeza kwa uzembe, na baba akakubali kila neno. Kanisani alijiuzulu kwenye kamati ya ujenzi. Aliwaambia kwamba kichwa chake si cha kuaminika tena. Mchungaji alimwekea mikono na kumwombea kumbukumbu, waumini wote wamesimama, na mimi nimesimama nao, macho nimefumba.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kila siku. Ningeweza hata kuzirudisha kimya, nizitupe mahali azione. Nilizitoa kwenye droo mara mbili kwa nia hiyo. Kila mara nilimwona yule mama akiruka mtaroni, nikazirudisha.

Kisha baba akapata habari za fundi wa Kisumu anayetengeneza rimoti za magari, hata kama zilizopotea ni zote. Alikuja asubuhi ya Jumamosi na mkoba na kompyuta. Alifungua mlango kwa vyuma vyake bila kuumiza rangi, akaunganisha waya chini ya usukani, na akakaa pale muda mrefu akisoma kioo cha kompyuta huku baba amechuchumaa kando kama mwanafunzi. Mimi niliwaletea chai. Fundi alikuwa akieleza kwamba gari lina kumbukumbu yake. Atalifutia funguo za zamani na kulifundisha hizi mpya. Halafu akauliza, kama wanavyouliza kwa kawaida, ikiwa zile za zamani huenda ziko na mtu, kwa sababu baada ya hapo hazitafanya kazi tena.

"Haziko na mtu," baba alimwambia. "Nilizipoteza mwenyewe. Ni kichwa."

Nilimimina chai. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwao. Fundi alibonyeza alichobonyeza, gari likalia mlio mfupi, na zile mbili zilizokuwa kwenye droo yangu zikawa plastiki tupu.

Gari liliwaka. Nilingoja baba aingie, aende nalo hata mpaka langoni. Niliiandaa sauti yangu ya kumzuia. Alizima, akashuka, na fundi alipoondoka akanikabidhi rimoti zote mbili mpya.

"Weka wewe," alisema. "Wewe ndiye mwenye kichwa hapa nyumbani. Mtu akisahau funguo, kesho atasahau breki. Mimi sitaendesha tena."

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Zile rimoti zilikuwa na joto la kiganja chake. Niliingia chumbani kwangu na kufunga mlango, na sikutoka mpaka wakati wa kukamua.

Ningeweza kuishia hapo, na labda ningeishia, kama baba angeishia hapo. Lakini alimpigia kaka yangu simu aje, kwa sababu alitaka kugawa shamba kabla hajafika mahali pa kutotujua. Na akaniomba nimpeleke hospitali, apimwe akili.

Alijiandaa kwa kipimo hicho. Mtu wa kanisani alimwambia watamuuliza siku za wiki kinyumenyume na hesabu za kutoa. Basi tukiwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, katikati ya watu wengi, baba alikuwa akinong'ona. Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Alivaa koti lake la harusi za watu. Kofia alikuwa ameivua na kuishika magotini, na vidole vyake vilikuwa vinaizungusha ukingoni. Alifika Jumatano akakwama kidogo, akanigeukia kwa hofu, akaanza upya.

"Baba," nilisema, "ziko kwangu. Zile za zamani. Nilizichukua mimi."

Hakuelewa mara moja. Nilimweleza yote, kwa sauti ya chini, nikiangalia sakafu: msumari, kikombe, droo ya shuleni, yule mama wa nyasi. Aliniacha nimalize.

"Kwa hiyo sikuzipoteza."

"Hukuzipoteza."

Alifunika uso kwa kofia. Nilidhani analia, lakini alikuwa anamshukuru Mungu, namsikia kabisa, maneno yanakanyagana. Alishukuru kwa muda mrefu, na kila neno la shukrani yake lilinichoma kuliko kama angenipiga kofi mbele ya wale wagonjwa. Aliposhusha kofia uso wake ulikuwa umebadilika.

"Ulikuwa unatafuta pamoja na mimi," alisema. "Chini ya vitanda."

"Ndiyo, baba."

"Ungeniambia tu kwamba sioni."

"Nilikuambia."

"Ungeniambia tena."

Aliinuka, akaenda zake nje, na tulirudi nyumbani bila kumwona daktari. Kaka yangu alipokuja Jumamosi kwa ajili ya shamba, baba alimwambia kwamba mambo yamebadilika, yeye hajafa bado, na wakachinja ingokho, kuku wa nyumbani, wakala. Hakumwambia sababu. Mimi ndiye niliyemweleza baadaye, akiwa anaondoka, na aliniangalia kwa mshangao, kisha akasema huenda naye angefanya hivyohivyo. Hilo halikunisaidia.

Kwa wiki nzima baba aliongea nami mambo ya lazima tu. Ng'ombe amekamuliwa. Mvua inakuja. Kisha alasiri moja aliniita uani na kuomba rimoti. Nilimpa. Aliingia garini, akaketi nyuma ya usukani, akafungua dirisha, na kuniambia niende nyuma kabisa ya gari, halafu nije mbele polepole nikipitia upande wa kushoto, mbali kidogo. Yeye angetazama mbele tu, na angesema akiniona.

Nilianza kutembea. Nilipita tairi la nyuma, nikapita mlango, nikapita kioo cha pembeni. Nilikuwa natembea kama mtu anayevuka kanisa wakati wa sala. Nilifika usawa wa taa za mbele, na baba bado alikuwa ametazama mbele, kichwa hakitikisiki, anangoja. Nilipopita taa na kuanza kukata mbele ya gari ndipo aliposema, "Hapo." Akauliza nimetembea kiasi gani. Nilimwonyesha.

Aliniambia nirudie upande wa kulia. Nilirudia. Haikuwa tofauti sana.

Alikaa garini mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia. Aliposhuka alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kaka yangu atafute mtu wa kulinunua huko Likuyani au popote, ila asiwe kijana wa mbio. Kipimo hicho kilikuwa rahisi hivyo. Hakikuhitaji fundi wala droo. Ningeweza kumwomba tukifanye siku ile ile tuliyotoka matangani, na mpaka leo sijui kwa nini niliona ni rahisi zaidi kumfanya ajishuku akili.

Gari lilikwenda. Zizini sasa kuna ng'ombe wa pili. Baba ameacha kujisemea anapoweka vitu, na amerudi kwenye kamati. Tunacheka tena mezani, na bado ananiita mama.

Wiki iliyopita alikuwa anatafuta miwani yake ya kusomea. Aliingia sebuleni, akaangalia juu ya meza, juu ya redio. Kisha akanitazama mimi, kidogo tu, kabla ya kuendelea kutafuta.

"Sijaigusa, baba," nilisema.

"Sawa," alisema. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Aliivaa, akafungua Biblia, na mimi nikarudi kusahihisha madaftari yangu.