Ombi la Mama Nililolilainisha

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka jasho la kujaza pipa zima. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, Kifaransa kimenijaa mpaka masikioni, na misheni yetu hapa Lubumbashi ikanichukua kuwa mkalimani. Mkalimani husimama hatua moja nyuma ya mhubiri, anadaka sentensi na kuirudisha ingali moto.

Ulikuwa wakati Katanga imejitenga na Kongo. Hata hivyo wageni kutoka Uswisi walishuka uwanja wa ndege wa Luano, wakae majuma mawili, waimarishe imani yao, warudi. Mchungaji Mkuu, bosi wangu, alinipa amri moja: "Mwana, bageni basirudi kwabo na mizigo yetu. Lainisha." Basi kulainisha kukawa ndiyo kazi: mtu akinung'unika, wewe unatoa shukrani. Nililainisha mpaka mawe ya barabarani yakawa yanamsifu Mungu.

Siku moja nilimpeleka mgeni mmoja, mwalimu, kwenye kambi ya Wakasai, watu wenye asili ya jimbo la Kasai, waliokimbia nyumba zao mjini wakiwahofia basoda, yaani askari wa Katanga. Mama mmoja alinishika mkono.

"Baba, ambia huyu muzungu aende kuuliza basoda. Balikamata mutoto wangu juzi. Mimi nikienda batanifukuza. Yeye batamujibu."

Mgeni akauliza mama amesema nini.

"Anaomba umwombee mtoto wake," nikasema.

Akapiga magoti palepale matopeni, akaomba machozi yakimtoka. Mama alingoja amina, kisha akaniuliza: "Anaenda sasa?"

Nikamwambia ataenda kesho. Kesho yake mgeni alipanda ndege.

Mwaka uliofuata alirudi, imani inawaka ndani yake kama tanuru la shaba. Alisema sala ile ndiyo iliyomgeuza, ameisimulia makanisa yote ya kwao. Akataka kumwona mama. Kambi ilikuwa imevunjwa, watu wamepelekwa Kasai kwa treni. Ndipo nikamweleza ukweli. Hakunigombeza, afadhali angenipiga. Alikaa chini, kofia mkononi.

"Ningeenda," akasema.

Sasa niko pensheni. Vijana wa kanisa huniuliza kama safari zile fupi ziliwakuza wageni kiroho. Huwa nacheka kwanza, halafu nawasimulia habari za yule mwalimu. Yule mmoja alikuwa tayari kukua siku ileile, kwa miguu yake, mpaka mbele ya wale basoda. Mimi nilimwachia sala tu.

Mwaka ule, kabla ya kuondoka, mwalimu aliniuliza jina la mama, ili amtafute huko Kasai. Sikulijua. Sikuwa nimemuuliza.