Tulifanya mazoezi ya kuuza nyumba, mama akatusikia

Admin, jina langu libaki kwako, maana mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nauza mitumba sokoni Kilosa. Kupatana bei ndiyo kazi yangu, na nilikuwa najisifu kwamba hakuna mteja anayeniweza.

Baba yetu alifariki miaka sita iliyopita, tukamzika pembeni ya nyumba yake kule Mikumi, hatua chache kutoka dirisha la sebuleni. Mama akabaki pale peke yake. Mwaka huu alianguka uani, akalala chini tangu asubuhi mpaka jirani alipopita mchana. Hapo ndipo mimi na mdogo wangu wa kiume tukaamua nyumba iuzwe, mama tumjengee vyumba viwili hapa kwangu. Alikubali, si kwa furaha, lakini alikubali. Akapatikana mfanyabiashara mmoja wa Morogoro anayetaka kujenga gesti, kwa sababu kiwanja kiko karibu na barabara kuu.

Mdogo wangu alikuwa ametoka kwenye semina ya wajasiriamali. Akasema kule wamefundishwa kwamba huendi kwa mnunuzi kabla hujafanya mazoezi. Basi Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni kwa mama, yeye akawa tajiri wa Morogoro, mimi muuzaji. Mama alikuwa nje anachambua maharage.

Jamani, nilimnyoosha. Alisema ukuta una nyufa, nikamjibu hata hivyo ataubomoa. Alisema maji yako mbali, nikamwambia bomba limeshafika kwa jirani. Alipoona ameishiwa, akaonyesha dirishani kwa kidevu.

"Na lile kaburi?"

Wala sikuvuta pumzi. "Hilo lisikusumbue, bosi. Tutamhamisha mzee, wewe ongeza kidogo tu kwenye bei."

Tukacheka wote wawili. Tulipogeuka, mama amesimama mlangoni na ungo wake mkononi. Hakunitazama mimi. Alimtazama mdogo wangu, akamwambia karibu mgeni, kana kwamba si yeye aliyemzaa. Mdogo wangu akaanza kueleza kwamba tunafanya mazoezi tu. Mama akaendelea kama hajasikia.

"Mgeni, mwanangu amekupa bei yake, na mimi nina yangu. Lipa nusu, lakini mume wangu umwache hapo alipo, niwe nakuja kumfagilia."

Nilimkonyeza mdogo wangu aseme ndiyo yaishe. Alishindwa kujibu kama mnunuzi, akashindwa kujibu kama mtoto wake. Mama akarudi kwenye maharage.

Nilimfuata kuomba radhi. Nikamwambia mama yale yalikuwa mazoezi, sikumaanisha. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniumiza. Alisema, "Najua ni mazoezi. Kwenye mazoezi hukuwa na sababu ya kudanganya."

Kweli mdomo uliponza kichwa. Kesho yake nilimpigia mnunuzi, nikajaribu kuomba kaburi libaki, hata kwa bei ndogo. Alinijibu kwa heshima kwamba hakuna mgeni atakayelala gesti yenye kaburi dirishani. Mnunuzi mwingine hatuna. Na juzi mama ameanguka tena, safari hii mlangoni, kwa hiyo kumwacha kule siwezi. Mdogo wangu anasema mkubwa ni mimi, niamue. Nauza nguo siku nzima lakini akili haipo, mteja akitaja bei yoyote nampa.

Leo asubuhi mama amenipigia simu mwenyewe. Nilidhani ananiambia amekataa, na kusema ukweli nilikuwa naomba akatae. Badala yake akaniuliza siku ya kumfukua baba ni lini, anataka awepo, asije akashikwa na watu wasiomjua.

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Atapiga tena jioni. Ndugu zangu, nishaurini, nikipokea nimwambie nini?