Kamba za Katambuga

Nyumba yangu ya hapa Turwa niliijenga juu kabisa mlimani, ili kila anayepita barabarani aione. Shule niliachia darasa la nne, lakini bati langu ni la rangi, na ng'ombe ninaowanunua mnadani Mbalibali wanajulikana mpaka Sirari. Sijisifu, naeleza tu.

Ubaya ulikuwa ule mlima. Mwaka juzi nilianza kubanwa kifua katikati ya kupanda, kama mtu amenikalia mbavuni. Nikisimama kidogo, kinaachia. Sasa mwanaume wa Kikurya, aliyetahiriwa bila kupepesa jicho, asimame njiani anahema? Nikawa nainama, najifanya nafunga kamba za viatu.

Mke wangu alinitazama wiki nzima kutoka mlangoni. "Baba watoto, hizo katambuga za tairi zina kamba tangu lini?"

Akanipeleka hospitali. Daktari, kijana mdogo, akaniamkia shikamoo vizuri, kisha akanitisha. "Mzee, ukiupa moyo kazi, damu haiutoshi. Inaitwa anjaina. Ukipumzika dakika chache, maumivu yanaisha. Siku ukipumzika yasiishe, jasho la baridi likakutoka, yakapanda mpaka taya au mkono, huo ni mshtuko wa moyo. Usisubiri."

Mimi nilibeba "yanaisha" tu. Mengine aliyabeba mke wangu.

Mchana mmoja nimekaa sebuleni, sijapanda popote, nyama iko mezani, kifua kikabana. Nikainama nikafunga kamba. Nikafunga tena, na tena. Jasho likatiririka, taya likauma kama jino bovu.

"Gesi hiyo," nikasema.

"Gesi gani? Umefunga kamba mara tatu na umekaa!" Tayari alikuwa anampigia jirani mwenye gari. "Na nyama hujaigusa. Wewe, nyama!"

"Ngoja kwanza nivae shati la maana."

"Utavalishwa mochwari. Twende!"

Hospitalini wakauliza maumivu yameanza lini. Mke wangu akajibu, "Tangu kamba ya kwanza." Daktari akasema kama tungengoja mpaka jioni, angeongea na mjane.

Siku hizi nina benchi la saruji katikati ya mlima, zuri kuliko makochi ya watu. Nakaa, nakunja nne.

"Mura, umechoka?" wananiuliza wapita njia. Kwetu mura ni mwanaume, na mwanaume hachoki.

"Naangalia bati langu."

Wanaamini. Juu mlangoni mke wangu anasubiri niinue mkono, maana yake kifua kimeachia. Mkono usipoinuka, simu anayo.