Nyumba ya Asiye na Mtu

Agripina nafanya naye kazi kwenye kinu cha alizeti cha Abdulhamidi, huku Mwankoko. Yeye anapepeta mbegu, mimi nafunga madumu ya mafuta. Watu humwita mpole. Mpole wapi! Ni mwoga, basi.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, tajiri wetu hutoa bati, saruji na mbao. Sisi wafanyakazi ishirini na sita tunatoa nguvu, tunamjengea nyumba mtu asiye na mtu. Sharti ni moja: ndugu wa mfanyakazi hapewi.

Sasa mama yake Agripina, Bi Selina, yuko kijijini Issuna. Mvua iliangusha tembe yake ya udongo, bibi wa watu akawa analala jikoni na mbuzi. Agripina naye amepanga chumba kimoja na watoto wanne. Akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji cha mama yake, Chediel, wakamjazia bibi fomu: mjane, hana mtoto, hana ndugu.

Nikamuuliza, "We mwanamke, mama yako anajua?"

"Akishalala pakavu atanielewa," akasema.

Tulijenga siku nne. Agripina alimnong'oneza mama yake asimwite mwanangu mbele za watu, atamweleza baadaye. Bibi akadhani ni mambo ya kazini. Majirani wote walijua, wakanyamaza, maana Chediel aliwaambia atakayeropoka atakuwa ameifukuza bati kijijini. Agripina alibeba maji kuliko sisi wote, mabega yakamchubuka.

Siku ya kukabidhi, Abdulhamidi akashika maiki. "Bibi huyu hana mtoto. Leo kapata watoto ishirini na sita!" Tukapiga vigelegele.

Bi Selina hakucheka. "Nani kasema sina mtoto?"

Chediel akakohoa. Tajiri akainama kwa adabu. "Kwani unaye, bibi? Yuko wapi?"

Bibi akamtazama Agripina. Akamsubiri. Mimi nilikuwa nyuma ya Agripina, nikamfinya mgongoni: sema! Wallahi nilimfinya kwa nguvu zangu zote. Akaangalia tope la miguuni mwake.

"Nilikuwa naye," bibi akasema. "Amekufa."

"Inna lillahi," tajiri akasema. Akatutaka tumwombee marehemu, kila mtu kwa dini yake. Agripina naye alifumba macho akaitikia amina pamoja na sisi. Nilitamani kumzaba kibao, na nilitamani kumkumbatia.

Kisha, eti kwa kuwa ndiye aliyejituma zaidi, tajiri akampa yeye ufunguo aukabidhi. Agripina akapiga goti. "Shikamoo."

"Marahaba, mgeni," mama yake akajibu, akaupokea.

Jumapili iliyofuata Agripina alinibembeleza nimsindikize Issuna. Alibeba sukari na sabuni, akaja na watoto wake wote. Bi Selina alitoka mbio, akawakumbatia wajukuu, akawaingiza ndani kula. Agripina alipofuata, bibi akasimama mlangoni.

"Wewe nani?"

"Mama jamani, mimi Agripina."

"Agripina nilimwombea hapa hapa. Tajiri wako ni shahidi."

"Nilifanya kwa ajili yako, mama!"

"Ningelala na mbuzi mpaka nife," bibi akasema, "na mtoto wangu ninaye."

Akafunga mlango. Watoto walikula wakashiba, tukawasikia wakicheka na bibi yao. Agripina alikaa nje juani na sukari yake mapajani, akawasubiri mpaka walipotoka.