Msokoto Usiokuwemo kwenye Orodha

Mimi na shemeji tulivuta msokoto mmoja. Yeye akafa, mimi nikazinduka hospitali nimefungwa mikono kitandani. Shule sikusoma sana, lakini aliyetuuzia namjua: mtani wa ukoo wetu na wa wakwe zangu, mwenye bodaboda ya kwenda Ruvuma, mpakani. Haikuwa bangi ile. Ni majani makavu tu, yamenyunyiziwa dawa iliyopikwa maabara.

Polisi walimkamata. Mzigo ukapelekwa kupimwa, majibu yakarudi: kemikali hii haimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa. Wakamwachia. Nikajikokota kutoka nyumbani Rahaleo hadi kwa afisa mmoja wa dawa za kulevya, nikamuuliza imekuwaje.

"Mzee wangu, orodha yetu inakwenda kwa majina. Wapishi wakibadilisha kidogo tu, inakuwa kitu kingine. Kuna nchi zinakataza ukoo mzima wa kemikali. Nyingine zinazuia kwa muda huku zinachunguza."

"Na sisi?"

"Tunasubiri orodha mpya."

Nikamshukuru. Hata dawa ya mikorosho inachorwa fuvu kwenye kopo, lakini hii ya kutuua sisi ilikuwa bado inatafutiwa jina.

Siku ya arobaini, Likombe kwa mama mkwe, khitima imekwisha, mtani huyoo! Ni haki yake: msibani mtani husema atakalo, na kukasirika ni mwiko. Akajilaza mkekani, akakoroma. "Marehemu alipenda kulala, sasa kafika kwao!" Watu wakacheka, hata wajomba waliokuwa wanajua kwamba ndiye aliyetuuzia. Basi nawataja wote: muuzaji, wapishi wake, wenye orodha, na sisi tuliocheka. Maana hata mimi nilicheka.

Halafu nikajiambia, utani si wa upande mmoja.

"Mtani, serikali imekusafisha. Hebu washa mmoja, uvute hapa tukuone."

"Leo nimefunga."

"Umefunga, na pilau umemaliza sahani mbili?"

Kicheko kikapasuka. Nikamnyooshea kiberiti. Akakitazama tu, hakukipokea. Nikasubiri, mkono umenyooka. Watu wakaacha kucheka, mmoja mmoja.

Mama mkwe akaweka sinia chini. "Wewe hutaki kuvuta, mwanangu ukampa. Toka kwangu."

Mtani kufukuzwa msibani, sijapata kuona. Akatoka. Pikipiki ikagoma kuwaka, akaisukuma peke yake mchangani, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.